USIFUTE MESEJI YA MSHAHARA ILI UPATE NAFASI YA VIDEO

Kila ninapokaa na wanachama hapa Jinja, au ninapokwenda kwa wenzetu wa Mbale, nakutana na swali moja: "Ndugu, simu yangu inasema nafasi imejaa. Nifute nini?" Wengine wananionyesha maandishi yanayosema kwamba nafasi ya Google imejaa, na kwamba walipe kila mwezi waongezewe. Mtu anayeishi kwa mshahara wa kukata miwa hana pesa ya kulipia ghala asiloliona kwa macho. Basi anaanza kufuta. Na kitu cha kwanza anachofuta ni meseji, kwa sababu anaziona ni nyingi.

Hilo ndilo kosa ninalotaka tulizungumze leo.

Mwanachama mmoja, fundi wa mashine katika kiwanda fulani, alipata meseji kutoka kwa msimamizi wake kwamba asije kazini mpaka atakapoitwa. Akatii, akakaa nyumbani. Baada ya wiki tatu akaambiwa kwamba ameacha kazi mwenyewe bila ruhusa. Alipokuja kwetu tulimwuliza: "Meseji iko wapi?" Haikuwepo. Simu ilikuwa imejaa, akampa kijana wa kioski aisafishe, na kijana akafuta meseji zote. Tulimtetea kwa mashahidi wa mdomo tu, na kazi ikawa ngumu. Mwisho alipata sehemu tu ya alichodai. Meseji ile moja ingemaliza ubishi siku ya kwanza.

WINGU NI GHALA

Watu wanasema meseji zimehifadhiwa "kwenye wingu". Neno hili limewachanganya wengi. Si wingu linalofunika mlima wa Wanale asubuhi. Ni ghala. Mkulima wa kahawa wa Bugisu hupeleka magunia yake ghalani na kupewa risiti. Hali kadhalika simu yako hupeleka nakala ya vitu vyake, kwa njia ya intaneti, kwenye kompyuta kubwa za kampuni zilizoko nchi za mbali. Risiti yako ni akaunti, yaani anwani yako ya Gmail pamoja na neno la siri. Mwenye risiti ndiye mwenye magunia. Ukiipoteza, magunia yapo lakini huwezi kuyatoa.

Google inatoa bure nafasi ya GB 15 kwa akaunti moja. Nafasi hiyo inagawanywa kati ya barua za Gmail, picha, mafaili na nakala ya simu yako. Zamani nakala za WhatsApp katika simu za Android hazikuhesabiwa humo. Tangu mwaka 2024 zinahesabiwa. Ndiyo sababu wengi wetu tuliona ghala limejaa ghafla, na hatukujua tumekosa nini. Wenye iPhone wanapewa GB 5 tu bure katika ghala la iCloud.

TUFANYE HESABU

Meseji moja ya kawaida haizidi herufi 160, na uzito wake ni baiti 140. Tuseme tunaongeza uzito wa tarehe, saa na namba ya simu, tukazidisha mara kumi. Inakuwa baiti 1,400. Sasa chukua video moja ya kuchekesha uliyotumiwa katika kundi la WhatsApp, yenye MB 14. Video hiyo moja ni sawa na meseji 10,000.

Na ghala lote la GB 15? Linaingia meseji zaidi ya milioni 10. Ukipokea meseji 100 kila siku, Jumapili na sikukuu pamoja, itakuchukua zaidi ya miaka 200 kulijaza.

Kwa hiyo, ndugu, meseji zako za maandishi hazijajaza kitu. Anayezifuta ili apate nafasi ni kama mtu anayetupa kitambulisho chake ili mzigo upungue, huku gunia la mchanga bado liko kichwani. Wanaojaza ghala ni video, picha na sauti.

GHALA HALIKUMBUKI ULICHOFUTA

Wengine wanasema: "Hata nikifuta, nakala iko kwenye wingu." Hapana. Katika simu za Android, simu inapokuwa kwenye chaji, imetulia na ina mtandao wa waifai, hupeleka nakala mpya, nayo inachukua nafasi ya ile ya zamani. Ulichofuta leo hakitakuwemo katika nakala ya kesho. Katika iPhone iliyounganisha meseji na iCloud ni kama kioo: ukifuta kwenye simu, na ghalani inafutika. Meseji hukaa mahali pa vitu vilivyofutwa kwa siku 30 hivi, kisha zinakwenda moja kwa moja.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Simu ya Android ikikaa siku 57 bila kutumika, Google inaweza kuifuta nakala yake. Fikiri juu ya mtu aliyeachishwa kazi, simu ikavunjika au ikaibwa, naye hana pesa ya kununua nyingine. Miezi miwili inapita. Anapopata simu mpya na kuandika akaunti yake, anakuta ghala tupu. Pia ukizima kazi ya kuweka nakala, ile iliyokuwa ghalani inafutwa. Usizime ovyo kwa sababu mtu amekuambia inakula bando.

KWA NINI MESEJI NI SILAHA YA MFANYAKAZI

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 ilisema kwamba notisi ya kuachishwa kazi iwe ya maandishi. Aliyefanya kazi kuanzia miezi 6 na hajatimiza mwaka, wiki 2. Kuanzia mwaka 1 na hajatimiza miaka 5, mwezi 1. Kuanzia miaka 5 na hajatimiza 10, miezi 2. Aliyetimiza miaka 10 au zaidi, miezi 3. Na anayeona ameachishwa bila haki alipewa miezi 3 ya kupeleka malalamiko kwa Afisa wa Kazi.

Sasa angalieni. Siku hizi msimamizi haandiki barua. Anatuma meseji, au sauti ya WhatsApp. Mshahara wa kibarua unapita kwenye mobaili mani. Zamu zinabadilishwa kwa meseji usiku wa manane. Zote hizo ni karatasi zako. Ndizo zinazoonyesha tarehe ya kuachishwa, na miezi 3 huhesabiwa kuanzia tarehe hiyo. Ndizo zinazoonyesha ulilipwa kiasi gani, na ya mwezi gani.

Je, sheria inakubali meseji? Inakubali. Sheria ya Shughuli za Kielektroniki ya mwaka 2011 inasema ujumbe haukataliwi kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Lakini anayesikiliza kesi ataangalia jinsi ujumbe ulivyotunzwa, na kama haukubadilishwa. Ndiyo maana picha ya kioo cha simu ni nzuri, lakini meseji yenyewe, ikiwa bado ndani ya simu iliyoipokea, ni nzuri zaidi. Weka vyote viwili.

NAMNA YA KUSAFISHA BILA KUJIUMIZA

Kwanza, okoa kabla ya kufuta. Pitia meseji zako. Za mshahara, za zamu, za ruhusa ya ugonjwa, za ajali kazini, za onyo na za kuachishwa, zote usiziguse. Zipige picha ya kioo, namba ya mtumaji, tarehe na saa zikionekana. Mtumie katibu wa tawi, au mtu wa nyumbani unayemwamini. Usimwachie kazi hii kijana wa kioski, maana yeye hajui ipi ni ya kesi na ipi ni ya matangazo.

Pili, tazama ni nini kimejaza. Ingia kwenye mipangilio ya simu, pale penye alama ya gurudumu la meno, tafuta Google, kisha sehemu ya nakala na nafasi. Utaona orodha: picha kiasi gani, barua kiasi gani, WhatsApp kiasi gani. Anza na aliye mkubwa.

Tatu, safisha WhatsApp. Katika mipangilio yake kuna mahali pa kusimamia nafasi. Pale mafaili makubwa yamewekwa peke yake, yanayozidi MB 5. Futa video za kuchekesha, mahubiri uliyokwisha kusikiliza, na mechi za mpira za mwaka jana. Sauti za msimamizi usifute. Halafu nenda kwenye mipangilio ya nakala uondoe alama ya kuweka video. Nakala ya maandishi itabaki, na itakuwa nyepesi. Zuia pia simu isipakue video yenyewe, hata bando lako litapona.

Nne, meseji zisizo na kazi, kama matangazo ya bahati nasibu na namba za siri zilizokwisha muda, unaweza kuzifuta ili uone vizuri zilizobaki. Fanya hivyo kwa ajili ya usafi tu, maana nafasi utakayopata ni ndogo sana. Futa moja moja. Usibonyeze pale pa kuchagua zote.

Tano, kumbuka tupio. Picha na mafaili ya Google uliyofuta hukaa kwanza katika tupio, na huko bado yanahesabiwa. Ukishahakikisha hukufuta kitu cha maana, limwage tupio. Baada ya hapo tu ndipo nafasi inapatikana.

Na kama una kesi inayoendelea, usifute lolote linalohusu kesi hiyo, hata lile unaloona linakuumiza. Usibadilishe hata herufi moja. Ukikutwa umechezea meseji moja, hata zile za kweli hazitaaminiwa.

AKAUNTI IWE YAKO MWENYEWE

Wengi wetu tulinunua simu kioski, na muuzaji ndiye aliyetufungulia akaunti. Neno la siri analijua yeye. Wengine wamewekewa akaunti moja watu watano. Ndugu, hiyo ni kumwachia mtu mwingine risiti ya ghala lako. Majina na namba za wenzako, na picha ulizopiga, anaweza kuziona. Wakati wa kuandikisha wanachama wapya, orodha ya majina ikifika mkononi mwa mtu asiyehusika, watu wanaweza kupoteza kazi.

Fungua akaunti yako, na neno la siri uliweke wewe. Liandike kwenye daftari lililoko nyumbani, si nyuma ya simu. Weka namba ya kufunga kioo. Katika simu za Android 9 na zaidi, nakala ya meseji hufungwa kwa namba hiyo, hata Google hawaisomi. Lakini ukiisahau, nakala hiyo hutaipata tena. Na kabla ya kuuza simu, ondoa akaunti yako kwanza, kisha ifute simu yote. Wengi huuza simu pamoja na siri zao.

WENYE KATOCHI

Simu ndogo ya tochi haina wingu. Meseji zake ziko ndani ya simu au kwenye laini, na zikijaa, mpya haziingii. Wenye katochi wafanye hivi: meseji ya maana ikifika, iandike kwenye daftari neno kwa neno, pamoja na tarehe, saa na namba iliyotuma. Mwite mwenzako aisome kwenye simu, naye atie sahihi. Halafu mwenye simu kubwa apige picha ya kioo cha katochi. Meseji yenyewe iache pale pale, ufute nyingine. Kama ulifuta meseji za malipo, nenda ofisi ya kampuni ya simu na kitambulisho chako uombe taarifa ya akaunti yako ya mobaili mani. Malipo yaliyopitia kwao wana kumbukumbu yake.

Ndugu wafanyakazi, baba zetu katika viwanda vya nguo na mashamba ya miwa walitunza vipande vya karatasi ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Mzee mmoja angeweza kukuonyesha kikaratasi cha malipo cha miaka mingi nyuma. Sanduku letu leo ni simu na ghala lake. Tulifungue wenyewe, tulisafishe wenyewe, tujue kilichomo.

Makatibu wa matawi wa Jinja na Mbale, siku ya mkutano ujao tengeni nusu saa. Kila mwanachama aje na simu yake, anayejua amwonyeshe asiyejua. Na asiyeelewa asione haya kuuliza. Mimi mwenyewe nilifundishwa na binti wa kiwandani aliye mdogo kuliko mtoto wangu.

Umoja ni nguvu.