Mwanamke na Jukwaa (2): Jikoni kwa Minnie Wright

Wiki iliyopita tulimwacha Nora wa Ibsen akiufunga mlango nyuma yake, mwaka 1879. Leo tunaingia nyumba ambayo mwenyewe ameshachukuliwa na sherifu, na mpaka mchezo unakwisha hatutamwona.

Ni Marekani, wakati wa baridi kali. Mkulima John Wright amekutwa kitandani amenyongwa kwa kamba, na mkewe Minnie yuko mahabusu. Mwendesha mashtaka, sherifu na jirani mmoja, Bwana Hale, wamekuja kutafuta kilichomsukuma mwanamke huyu. Wanaangaza jikoni, wanaona vyombo tu, wanapanda ghorofani. Mke wa sherifu, Bi Peters, na Bi Hale wanabaki chini wakimkusanyia mahabusu nguo.

Susan Glaspell, mtunzi wa Trifles, jina lenye maana ya vitu vidogo visivyo na uzito, alikuwa na kesi ya kweli akilini. Aliwahi kuwa mwandishi wa habari wa Des Moines Daily News huko Iowa. Desemba 1900 mkulima John Hossack alipigwa shoka usingizini, na mkewe Margaret akasema alilala pembeni yake asimwone muuaji. Juri ya wanaume watupu ilimtia hatiani mwaka 1901, akahukumiwa kifungo cha maisha. Mahakama ya Juu ya Iowa ikaitengua hukumu mwaka uliofuata, na juri ya pili, mwaka 1903, ikashindwa kukubaliana. Glaspell aliiandika kesi ile gazetini siku baada ya siku.

Mwaka 1916, huko Provincetown, mumewe alimtaka aandike mchezo kwa ajili ya kundi lao lililoigizia katika banda kuukuu gatini. Akaenda kuketi peke yake kwenye benchi, akalitazama jukwaa tupu mpaka likageuka jiko. Agosti mchezo ukaonyeshwa, mwenyewe akiwa Bi Hale.

Tuliangalie jiko hilo. Meza imefutwa nusu. Mkate uko nje ya chombo chake. Chupa za matunda zimepasuka kwa baridi, imesalimika moja ya cheri, na Minnie, anayeshukiwa kuua, anaziwazia chupa zake. Wanaume wanaliona jambo la kuchekesha. Bi Hale anajua siku ngapi za joto ziliishia mbele ya jiko linalowaka ili chupa zile zijae.

Kisha mfarishi wa viraka. Mshono umelala sawasawa mpaka kwenye kiraka cha mwisho, ambako sindano imekwenda ovyo. Mkono uliozoea kushona haupotei njia hivyo moyo ukiwa umetulia. Bi Hale anaufumua mshono ule, anaushona upya, na hapo ushahidi wa kwanza umekwisha kufutika. Linafuata tundu la ndege, mlango wake umevunjwa bawaba. Na ndani ya kikasha cha ushonaji, kwenye kitambaa cha hariri, chiriku aliyesokotwa shingo. Minnie alipokuwa msichana aliimba kwaya.

Wengi huusoma mchezo huu kama mjadala juu ya mke aliyeteswa kulipa kisasi. Usomaji huo, naona, unatupandisha ghorofani pamoja na wanaume. Glaspell anatubakiza chini ili tujifunze kulisoma jiko, na anayetufundisha ni mwanamke ambaye ujuzi wake hauna jina mahakamani. Bi Hale hata hivyo hajioni shujaa. Anajilaumu kwamba aliishi jirani na Minnie na kwa zaidi ya mwaka hakukanyaga kwake, kwa kuwa nyumba ile haikuwa na furaha. Kwangu hapo ndipo pazito zaidi, maana lawama imewafikia hata wanawake wenyewe. Wiki ijayo tutaikuta lawama hiyo katika Nguzo Mama ya Penina Muhando, pale wanawake wa Patata wanapohangaika kuisimamisha nguzo.

Wanaume wanaposhuka, mwendesha mashtaka anauliza kwa mzaha Minnie alikusudia kuumaliza vipi mfarishi wake. Kikasha cha chiriku kiko mfukoni mwa Bi Hale. Anajibu kwamba alikusudia kuufunga kwa mafundo. Kiingereza cha Glaspell kinaligusa fundo la uzi na la kamba ya shingoni. Msikilizaji wa Kiswahili atalisikia na la tatu, lile ambalo Minnie aliliweka moyoni miaka yote ya ndoa yake.