Maneno Matatu ya Mkataba wa Waitangi

Nchi ya New Zealand, ambayo kwa Kimaori huitwa Aotearoa, yajulikana kuwa ni nchi ya tamaduni mbili: utamaduni wa Wamaori, walio wenyeji wa asili, na utamaduni wa watu wenye asili ya Ulaya, ambao Wamaori huwaita Pakeha. Siku hizi wamo pia watu wengi waliotoka Asia na visiwa vingine vya Bahari ya Pasifiki. Lakini uhusiano wa jamii hizo mbili ndio uliowekwa katika Mkataba wa Waitangi, uliotiwa saini tarehe 6 Februari 1840. Mkataba huo uliandikwa kwa lugha mbili, na maandiko hayo mawili hayasemi jambo moja. Kiini cha tofauti hiyo ni maneno matatu: kawanatanga, rangatiratanga na taonga.

Kimaori ni mojawapo ya lugha za Polinesia, nazo ni tawi la jamii kubwa ya lugha iliyoenea hata Bukini. Hivyo Kimalagasi, au Kibuki kama kiitwavyo pwani ya Afrika ya Mashariki, ni ndugu yake wa mbali. Silabi za Kimaori, kama zilivyo nyingi za Kiswahili, huishia kwa vokali, na neno la kigeni halina budi kuifuata desturi hiyo. Neno la Kiingereza lililoingia katika Kiswahili kwa sura ya "gavana" liliingia katika Kimaori kwa sura ya "kawana", kwa kuwa lugha hiyo haina sauti ya g wala ya v. Tena, kama vile Kiswahili kitangulizavyo u- ili kupata jina la hali au cheo, Kimaori huongeza -tanga mwishoni. Basi kawanatanga ni "ugavana". Na rangatiratanga, litokalo katika rangatira, yaani mkuu wa ukoo, ni hali na mamlaka ya mkuu huyo.

Mkataba ulitungwa kwanza kwa Kiingereza na Kapteni William Hobson, mjumbe wa Serikali ya Uingereza, pamoja na wasaidizi wake. Usiku wa tarehe 4 Februari mmisionari Henry Williams na mwanawe Edward waliutafsiri kwa Kimaori, na asubuhi yake ukasomwa mbele ya wakuu. Siku ya kutia saini, William Colenso, mpiga chapa wa misioni, alimwuliza Hobson kama wakuu wameyaelewa waliyoandikiwa. Hata hivyo saini zikaendelea. Katika miezi iliyofuata hati ilipelekwa sehemu nyingi, na wakuu zaidi ya 500 wakaikubali. Wote walitia saini maandiko ya Kimaori, isipokuwa 39 tu.

Katika kifungu cha kwanza, Kiingereza chasema ya kuwa wakuu wamempa Malkia wa Uingereza enzi yote ya nchi. Kimaori chasema wamempa kawanatanga. Mtu ajuaye Kiswahili ataiona mara moja tofauti iliyopo baina ya enzi na ugavana: gavana ni mtumishi wa mwingine, wala cheo chake hakiondoi enzi ya mwenyewe. Wamaori walimjua kawana katika Agano Jipya, lililopigwa chapa kwa Kimaori mwaka 1837, ambamo Pontio Pilato huitwa kwa jina hilo.

Wala haikuwa kwamba maneno mengine hayakuwapo. Mwaka 1835 wakuu 34 wa kaskazini walitoa tangazo la uhuru, na humo enzi ilielezwa kwa maneno kingitanga, yaani ufalme, na mana, neno lenye kukusanya heshima, nguvu na mamlaka ya mtu. Katika tangazo hilo uhuru wenyewe uliitwa rangatiratanga. Sasa katika kifungu cha pili cha mkataba wa 1840, Malkia awathibitishia wakuu tino rangatiratanga, yaani rangatiratanga kamili, juu ya nchi zao, vijiji vyao na taonga zao zote. Hali Kiingereza chawaachia umiliki tu wa ardhi, misitu, mahali pa kuvua samaki na mali nyinginezo. Kwa hiyo mkuu aliyesikia Kimaori angeweza kufahamu ya kuwa ameruhusu gavana akae nchini, naye amebaki na uhuru wake.

Matokeo hayakuwa madogo. Katika miaka ya 1860 palikuwa na vita, na ardhi nyingi ya Wamaori ikachukuliwa na Serikali. Sheria ya 1867 iliweka Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia katika shule za wenyeji. Mwaka 1877 jaji mkuu alitamka ya kuwa mkataba huo ni kitu kisicho na nguvu yoyote. Mambo yalianza kugeuka mwaka 1975, Baraza la Waitangi lilipoundwa kusikiliza mashtaka juu ya mkataba. Na tangu 1985 likaruhusiwa kuchunguza mambo ya nyuma hadi 1840.

Hapo ndipo neno taonga lilipodhihirisha upana wake. Taonga ni kitu cha thamani kilichorithiwa, kishikikacho au kisichoshikika. Mwaka 1986 Baraza liliamua ya kuwa lugha ya Kimaori yenyewe ni taonga, na Serikali yapaswa kuilinda. Mwaka 1987 ikafanywa lugha rasmi. Shauri jingine, lililoletwa mwaka 1991 na kutolewa taarifa mwaka 2011, lilihusu matauranga, yaani elimu ya wenyeji: ujuzi wa mimea na wanyama, wa dawa, wa kuchonga na kusuka. Elimu hiyo huenda pamoja na kaitiakitanga, wajibu wa ulinzi. Maana mwenye kurithi kitu si mmiliki tu, bali ni mlinzi wake kwa ajili ya wajao. Kwa fikira hiyo sheria ya 2017 iliutambua mto Whanganui kuwa ni nafsi mbele ya sheria.

Mwaka 2014 Baraza lilisema ya kuwa wakuu waliotia saini Februari 1840 hawakuitoa enzi yao. Serikali haikuacha kudai ya kuwa enzi ni yake. Mswada wa kufafanua upya misingi ya mkataba uliletwa Bungeni mwaka 2024, ukakataliwa Aprili 2025. Basi kazi iliyofanywa na mfasiri kwa usiku mmoja yaendelea kupimwa, na kipimo chake ni maana waliyoifahamu wale walioisikia.