Picha Peke Yake Haihukumu

Alasiri moja binti wa kaka yangu, mwenye umri wa miaka 24 na ambaye hajaolewa bado, alibisha hodi kwangu hapa Unguja akiwa na bahasha ya khaki kwapani, akaketi barazani bila hata kufungua ushungi wake, akanitolea picha nyeusi yenye vidoa vidoa mfano wa sega la nyuki, na kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujihukumu akasema, “Shangazi, wamenambia ovari zangu zimejaa uvimbe, na pengine itanibidi nipasuliwe.” Aliyempiga picha hiyo, katika kituo ambacho sina haja ya kukitaja, alikuwa amemwandikia mistari miwili na herufi nne, PCOS, yaani maradhi ya ovari zenye vifuko vingi, bila ya kumwuliza aliingia lini mwezini mara ya mwisho, wala lolote jingine lihusulo mwili wake, na hapo ndipo lilipo kosa, kwani maradhi haya, ambayo mitaani huitwa kwa ujumla mvurugiko wa homoni, hayathibitiki kwa picha peke yake.

Hofu yake ina asili ya zamani. Mwaka 1935 matabibu wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, waliandika habari za wanawake saba ambao hedhi zao zilikuwa zimekatika au kuadimika, na ambao ovari zao zilikuwa kubwa na zimejaa vifuko. Wakawapasua, wakaondoa sehemu ya kila ovari, na wote saba wakarejewa na hedhi, wawili wakashika mimba. Tangu siku hizo macho ya watu yamekaza kwenye vifuko, ilhali vifuko vyenyewe si uvimbe wa kukatwa, bali ni vijumba vya mayai machanga: kila mwezi vijumba kadhaa huanza kukua, kimoja kikatangulia, kikapevuka na kulitoa yai lake, vingine vikanyauka, lakini kwa mwenye maradhi haya, homoni za kiume zikiwa zimezidi, na mara nyingi insulini nayo imezidi, huanza vingi na kusita njiani, kisha vikabaki vimejipanga ukingoni mwa ovari kama shanga katika uzi.

Mwaka 2003 wataalamu waliokutana Rotterdam, Uholanzi, waliafikiana kanuni ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa uchunguzi, nayo aliyepata kusimama mbele ya kadhi ataifahamu upesi. Mashahidi ni watatu, na hukumu haipiti mpaka wawili wathibitike, tena baada ya kuondolewa kila maradhi mengine yanayofanana nayo: wa kwanza ni hedhi isiyofuata majira yake; wa pili ni wingi wa homoni za kiume, unaoonekana mwilini au katika damu; wa tatu ni hiyo picha. Binti yetu alikuwa amebeba shahidi mmoja, tena aliye dhaifu, maana wanawake wengi wazima, hasa vijana, ovari zao huonekana hivyo hivyo.

Nikamwambia, “Mwanangu, hebu tuhesabu kwanza.” Zamani kazi ya kumfunza mwari hesabu ya siku zake ilikuwa ya somo wake, siku hizi wengi hawahesabu kabisa, na wakiulizwa hujibu kwa makisio. Kwa mwanamke mtu mzima, kutoka siku ya kwanza ya hedhi moja mpaka ya kwanza ya hedhi ifuatayo hupita siku 21 hadi 35, na mwenye kupata chini ya mara nane kwa mwaka ana haki ya kuchunguzwa. Tulikaa na kalenda, tukikumbushana kwa Ramadhani, kwa harusi na kwa safari ya Pemba, tukapata mara sita tu.

Shahidi wa pili alijitokeza chumbani mwa daktari bingwa wa wanawake, bibi wa makamo aliyekuwa na hekima ya kuuliza asiyoyaona. Kwetu malaika ya mguuni husifiwa, wala si hayo ayatafutayo tabibu. Yeye hutafuta nywele ngumu za kidevuni, juu ya mdomo, kifuani na tumboni, katika sehemu tisa za mwili, kila moja akaipa alama kuanzia 0 hadi 4. Kidevu cha binti kilikuwa laini. “Unanyoa, au unang’oa?” Akainama, akasema kwamba kwa miaka mitatu amekuwa akizing’oa kwa kibano kila Ijumaa, na hata mama yake hajui. Na ule weusi wa shingoni, ambao alikuwa akiusugua kwa dodoki akidhani ni taka, kumbe ni alama ya insulini kuzidi.

Mashahidi wawili walikwisha kupatikana, na picha ikawa haina kazi. Alitolewa damu kupimwa testosteroni, na pia homoni za tezi ya shingo na prolaktini, kwa kuwa hitilafu za hizo nazo huivuruga hedhi. Na mwenye kumeza vidonge vya majira hutakiwa aviache kwa muda wa miezi mitatu kabla ya kupimwa testosteroni, kwa shauri la tabibu, ama sivyo kipimo kitamdanganya. Picha huhitajiwa pale shahidi mmoja anapokosekana, na mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 umeruhusu mahali pake kipimo cha damu kiitwacho AMH, kwa watu wazima tu: msichana ambaye hajatimiza miaka minane tangu avunje ungo hahukumiwi kwa picha wala kwa AMH. Na ambaye hajaolewa ajue kwamba altrasaundi huweza kupigwa juu ya tumbo, kibofu kikiwa kimejaa, asilazimike kukubali kile kipimo cha ndani.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa wanawake 8 hadi 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa wana maradhi haya, wembamba kwa wanene, na kwamba hadi asilimia 70 kati yao hawajijui. Tiba hufuata haja ya mwenyewe: wako wanaotaka hedhi itengemae, kwani ukuta wa mji wa mimba usiomwagika kwa miezi mingi huwa mnene na kuleta hatari, na wako wanaotaka mtoto, ambao hupewa dawa ya letrozoli ili yai lipevuke. Kisu hakikutajwa.

Kwa sababu ya ile insulini iliyozidi, kilichobaki ni kupima sukari, kipimo ambacho wengi hawaelezwi. Siku ya pili yake, saa mbili asubuhi, akiwa hajala tangu usiku, alitolewa damu, akanyweshwa gramu 75 za glukosi katika maji, tamu hata akakunja uso kama mtoto aliyenyweshwa shubiri, kisha tukaketi saa mbili kamili juu ya benchi tukingojea damu ya pili. Ilipokwisha kutolewa tukatoka mbio kutafuta chai na mandazi. Ile bahasha ya khaki, ambayo kwa daktari hakuna aliyeifungua, alikuwa ameisahau pale pale kwenye benchi, nikairudia mimi.