Picha ya Nyiragongo kwenye ordinatere: ile mistari inasema nini?

Volkano Nyiragongo ikitajwa, picha za rangi zinaanza kuzunguka kwenye telefone za wakaaji wa Goma. Mlima umesimama kama mnara, mji uko chini, na juu ya yote kuna mistari inayokatana kama wavu wa mvuvi. Watu wengi wanatazama rangi, mistari wanaiacha. Kumbe ile mistari ndiyo inasaidia kujua picha inaonyesha nini na inaficha nini.

Picha ya namna hiyo haikupigwa na kamera. Ordinatere inaichora kutoka kwa namba za urefu wa ardhi. Namba nyingi zinazopatikana bure zilipimwa mwezi wa pili 2000, wakati chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, kilizunguka dunia siku 11 kikipima ardhi kwa rada. Kati ya kipimo kimoja na kingine kuna meta 30 hivi.

Tuseme mtu anachora eneo la kilometa 20 kwa 20, kutoka kileleni mpaka ziwa Kivu. Hapo kuna safu karibu 670 za vipimo kila upande. Kila safu ikipewa mstari wake, mlima unakuwa mweusi tii. Ni vizuri kuchora mstari mmoja kwa kila kilometa: mistari 21 kila upande inatosha, na kila mtu anaweza kuhesabu kilometa kwa kidole. Miraba ya mbali itaonekana midogo, lakini nayo ni kilometa moja.

Hapa ndipo kuna mtego. Kupunguza mistari si kupunguza vipimo. Matplotlib, programu ya bure inayotumiwa sana na wanasayansi, isipoambiwa kitu inachukua safu zisizozidi 50 kila upande na kuruka zingine. Katika mfano huu, kila kipande cha ardhi kinafika meta 400 na kidogo. Kreta ya Nyiragongo, lile shimo la kileleni lenye upana wa kilometa 1.2 hivi, inabaki vipande vitatu tu. Bonde dogo ambamo lava inaweza kupita linapotea kabisa. Dawa yake: ardhi ichorwe kwa vipimo vyote bila mistari, kisha mistari ya kilometa iwekwe juu yake, myembamba na ya kijivu, isifunike rangi.

Jambo lingine ni urefu. Kilele cha Nyiragongo kiko kwenye meta 3,470, na ziwa kwenye meta 1,460 hivi. Tofauti ni meta 2,000, katika mwendo unaokaribia kilometa 20. Kwa vipimo sawa, mlima unaonekana kama umelala. Ndiyo maana wachoraji wanazidisha urefu mara tatu ao mara tano. Ukizidishwa mara tano, zile meta 2,000 zinaonekana kama kilometa 10. Hata Mont Goma, kilima kilicho mjini, inakuwa kama ukuta, na mtu anaweza kufikiri kartiye yake imekingwa. Mistari ya kando yenye namba za urefu ndiyo inamrudisha kwenye ukweli.

Kuna pia yale ambayo mistari haiwezi kuonyesha. Vipimo vya mwaka 2000 vilichukuliwa kabla ya lava ya tarehe 17 Januari 2002, iliyopita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya kiwanja cha ndege na kuingia ziwani. Vilichukuliwa pia kabla ya ile ya tarehe 22 Mei 2021, iliyosimama Buhene. Tena, mwaka 2002 lava haikumwagika kutoka kileleni: nyufa zilifunguka ubavuni mwa mlima, zikashuka mpaka karibu na Munigi.

Basi, picha ikifika kwenye telefone, kuna maswali matatu ya kuuliza mbele ya kuituma kwa wengine. Mraba mmoja ni meta ngapi? Urefu umezidishwa mara ngapi? Namba ni za mwaka gani? Picha isiyojibu hayo haiwezi kumwambia mtu akimbie ao abaki. Kwa hilo, habari za kufuata ni za Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, OVG, kinachopima mlima wa leo, si ule wa mwaka 2000.