Kisima Walitoa, Choo Ni Chako

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba, kolera inatoka mara nyingi upande wa Bukama na Malemba-Nkulu, na reli ya Bukama inafika hapa Kamina.

Katika mpango wa École et Village Assainis, serikali ilisaidiwa na UNICEF, na Uingereza ilitoa feza. Wafadhili walilipa visima na mafundisho. Choo, hapana! Kila jamaa ilichimba chake. Kijiji hakikuitwa safi mpaka watu 80 katika 100 wawe na choo kizuri. Mimi naona walifanya vema, maana siku pompi inavunjika, mfadhili amekwisha kurudi kwao.

Basi Jumapili hii uulize komite ya kisima chenu: kasha la vipuri lina feza ngapi?