Betri ya Jenereta na Uhai wa Mgonjwa

Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Mlima Meru hutanda hadi Levolosi, jijini Arusha, na nguvu ya betri ya jenereta hupungua. Umeme ukikatika mgonjwa akiwa chumba cha upasuaji, kisha stata ikalia "ta" bila kuzungusha injini, uhai wake humo hatarini. Aghalabu kasoro haimo katika injini. Fundi aanze na betri: ya volti 12 iliyojaa husoma takriban 12.6, ikishuka chini ya 9.6 wakati wa kuwasha, huenda imechoka. Isiposhuka, akague vichwa vya betri, kama vina kutu au vimelegea, kisha waya wa ardhi. Kinga ni bora kuliko tiba: jenereta ijaribiwe kila wiki.