MBUZI WA MAREKANI NA VIATU VYAKE

Msomaji mpenzi, usidhani nimekuja kukufundisha ufugaji. Mbuzi huyu hali nyasi, hunywa petroli, tena kwa ulafi wa ajabu. Jina lake rasmi ni Pontiac GTO, gari lililotoka Marekani kwa mara ya kwanza katika modeli za mwaka wa 1964. Wenyewe walizichezea herufi hizo tatu mpaka zikawa neno la Kiingereza lenye maana ya mbuzi, na jina likashika.

Kuzaliwa kwake kulikuwa na ujanja. General Motors, kampuni mama ya Pontiac, ilikuwa imekataza magari ya ukubwa wa wastani yasitiwe injini inayozidi inchi za ujazo 330. Kumbe wahandisi wa Pontiac, akiwemo John DeLorean, walikuwa na injini ya inchi 389, yaani lita 6.4, ya magari makubwa. Wafanyeje? Hawakutangaza gari jipya. Walisema tu kwamba anayenunua Tempest LeMans anaweza kuongeza dola mia tatu hivi, apewe vifaa vya nyongeza viitwavyo GTO, injini hiyo ikiwa mojawapo! Herufi zenyewe waliziazima kwa Ferrari bila haya. Walitarajia kuuza magari 5,000, wakauza 32,450 mwaka huo wa kwanza. Kufikia 1966 yaliuzwa karibu 97,000.

Sasa hebu tushuke chini tuangalie miguu. Injini ilikuwa na nguvu za farasi 325, au 348 ukilipa zaidi, lakini tairi zilikuwa nyembamba, za kipimo cha 7.50-14, zenye mstari mwekundu ubavuni. Breki zote nne zilikuwa za dramu. Kwa maoni yangu, gari hili lilijua kukimbia kuliko kusimama.

Tairi za wakati huo zilifumwa kwa nyuzi za mshazari, safu moja ikielekea huku na nyingine kule, zikikatana kama ukindu wa mkeka. Ubavu ukipindika kwenye kona, na sehemu inayokanyaga barabara hupindika nao. Mpira hupata joto, na usukani hutangatanga ukifuata mifereji ya lami. Gari likilala usiku kucha, asubuhi tairi huwa bapa upande wa chini, nawe utatikiswa mpaka zipate joto.

Tairi za redio ni jambo jingine (si redio ya kusikiliza taarifa, bwana!). Michelin wa Ufaransa walizisajili mwaka wa 1946. Nyuzi zake hutoka ukingo mmoja hadi wa pili moja kwa moja, na juu yake hufungwa mshipi wa waya za chuma. Ubavu ukipindika, kanyagio hubaki limelala barabarani. Ndiyo sababu wenye GTO wengi leo huvalisha redio za 205/75R14. Maana yake ni hii: upana milimita 205, kimo cha ubavu asilimia 75 ya upana huo, yaani milimita 154 hivi, R ni redio, na rimu ya inchi 14.

Lakini jamani, usichanganye! Redio mbele na mshazari nyuma, au kinyume chake, ni hatari, kwa maana kila aina hushika barabara kwa namna yake. Kwenye kona gari laweza kuzunguka kama pia.

GTO hizo za awali zilikoma mwaka wa 1974, bima ikiwa imepanda na mafuta yameadimika tangu 1973. Zilizobaki huendeshwa mara chache, na hapo ndipo penye mtego. Kanyagio huonekana jipya, kumbe mpira umezeeka, umekauka na kupasuka ndani. Usitazame meno pekee. Tafuta ubavuni herufi DOT, kisha usome tarakimu nne za mwisho: 3819 ni wiki ya 38 ya mwaka wa 2019. Hata tairi nyingi za matatu zetu zina alama hiyo. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka wa 2000, na halifai kwenda popote ila kwenye bembea.